Kivu: Mahari si bei ya watoto, lakini bila karatasi mama anafika tribinali mikono mitupu

Kila mkaaji wa Kadutu, Katindo ao Butembo anaijua familia ya namna hii. Bwana na bibi wameishi pamoja miaka tisa, wana watoto watatu. Familia ya bwana ilileta mbuzi na sehemu ya pesa, kukawa karamu, picha, vitenge vya sare kwa wakwe. Kisha siku moja maneno yanazidi, bibi anaambiwa arudi kwa wazazi wake. Anaondoka na mfuko mmoja na mtoto anayenyonya. Wale wawili wakubwa wanabaki kwa nyanya yao, mama ya baba. Juma linalofuata wazee wanakaa pamoja, na jambo la kwanza wanalouliza si nani alikosea wala watoto watakula nini. Wanauliza: mahari ilifika wapi?

Jibu la swali hilo ndilo linaamua, katika nyumba nyingi za mashariki, watoto watalala wapi. Kama mahari ilitolewa yote, watoto ni wa baba, na mama atakuja kuwaona akiruhusiwa. Kama ilibaki deni, wajomba wanawashika watoto mpaka baba alete ng'ombe zilizobaki kwa Bashi, ao mbuzi kwa Wanande. Upande mmoja na mwingine wanamtumia mtoto kama dhamana, na kila upande unasema ndiyo sheria.

Sivyo. Sheria ya Familia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile watu wanaita Kode ya familia, ni sheria namba 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Inaweka mahari mahali pake: ni sharti la kufunga ndoa, lazima itolewe angalau sehemu, na inaweza kuwa ya alama tu. Siku ndoa inavunjwa, mwamuzi anayetamka talaka anaangalia faida ya mtoto, na kwa msingi huo anaamua mtoto akae na baba, ao na mama, ao hata na mtu wa tatu. Hakuna kifungu kinachosema mtoto anafuata mbuzi.

Basi kama sheria iko wazi hivyo, kwa nini akina mama wengi wanapoteza? Kwa sababu sheria hii inaanza kufanya kazi ndani ya tribinali, na walio wengi hawafiki kule. Na kati ya wale wanaofika, wengi wanafika bila karatasi hata moja. Kesi yao ilipotea zamani, siku ambayo watu walikula, wakacheza, wakarudi nyumbani bila mtu kupita ofisi ya etasivili.

Ndoa tatu, karatasi moja

Kwa mazungumzo ya kila siku Mkongomani anahesabu ndoa tatu: ya kimila, ya kanisa ao msikiti, na ya serikali. Sheria haihesabu hivyo. Inajua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa etasivili, na inajua pia ndoa iliyofungwa katika familia kwa kufuata mila. Lakini hii ya pili inapashwa kuandikishwa kwa afisa wa etasivili katika muda wa mwezi mmoja baada ya sherehe. Ndoa ya kanisa peke yake, hata ikiwa na askofu na kwaya nne, haileti haki yoyote mbele ya mwamuzi.

Kwa nini watu hawaandikishi? Sababu inayotajwa sana ni pesa, na ni kweli, kwani katika komini nyingi kile kinachoombwa kinazidi kile kilichoandikwa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo familia hazipendi kuisema. Siku ya etasivili imegeuka karamu ya tatu: nguo nyeupe, magari ya kukodi, kamera, chakula cha wageni mia mbili. Bwana aliyemaliza pesa kwa mahari anasema tutafanya mwaka ujao. Mwaka ujao kuna mtoto, unaofuata kuna kodi ya nyumba, na miaka tisa inapita. Kumbe kuandikisha ndoa ya familia hakuombi karamu wala gari, kunaomba kufika mbele ya afisa.

Ndoa ya familia isiyoandikishwa haihesabiwi kuwa si kitu. Inaunganisha bwana na bibi, lakini haina nguvu mbele ya watu wengine mpaka iandikishwe. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku ya ugomvi. Anayenunua nyumba kwa bwana anasema hakujua kama kuna bibi. Wakubwa wa kazi ya bwana hawana jina la bibi kwenye dosie. Na mbele ya mwamuzi, kesi inayopashwa kuzungumzia watoto inapoteza miezi ya kwanza kwa kutafuta kama ndoa ilikuwapo: mashahidi, picha, barua ya mahari, wazee walioketi siku ile, ambao wengine wamekwisha kufa ao kukimbia vita.

Chini zaidi kuna wale wanaoishi tu pamoja, yaka tofanda kama wanavyosema kwa Kilingala. Hapa hakuna mahari, hakuna etasivili, na sheria haimhesabu mama kuwa bibi wa ndoa. Hawezi kuomba talaka, maana hakuna ndoa ya kuvunja. Hawezi kuomba posho kwa jina lake kama bibi. Kama walijenga nyumba pamoja, lazima aoneshe kwa hati ao kwa mashahidi kwamba pesa yake iliingia ndani, sawa vile mtu yeyote aliyefanya biashara na mwenzake. Yule anayeitwa «deuxième bureau» yuko katika hali hiyo hiyo, hata kama bwana alimtolea mahari kamili mbele ya wazee, kwani sheria inakataa mtu kuwa na ndoa mbili kwa wakati mmoja.

Lakini hapa watu wengi wanachanganya mambo, na kuchanganya huko kunawapa akina baba faida ambayo sheria haikuwapa. Haki ya mama ni jambo moja. Haki ya mtoto ni jambo lingine. Kifungu cha 591 cha Kode kinasema kila mtoto Mkongomani anapashwa kuwa na baba. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anapashwa kutambuliwa na baba yake katika miezi kumi na miwili baada ya kuzaliwa, na akiisha kutambuliwa ana haki ya kulishwa, kutunzwa na kusomeshwa kama wale waliozaliwa ndani ya ndoa. Baba akikataa, mama anaweza kwenda tribinali kumtafutia mtoto baba, na mambo ya namna hiyo yanayogusa utambulisho na uzazi wa mtoto yamewekwa mikononi mwa tribinali ya watoto tangu sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009. Kwa hiyo mama anayeambiwa «wewe hukuolewa, huna cha kudai» anaambiwa nusu ya ukweli. Labda hana cha kudai kwa ajili yake. Kwa ajili ya mtoto, anacho.

Karatasi ya kwanza ya kesi hiyo ni cheti cha kuzaliwa. Tangu mabadiliko ya 2016, wazazi wana siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto. Baada ya hapo lazima kupita tribinali kutafuta hukumu inayochukua nafasi ya cheti, na hapo ndipo gharama na safari zinaanza.

Talaka si barua ya wazee

Kwa sheria ya Kongo, ndoa ya watu wanaoishi inavunjwa na mwamuzi peke yake. Kumfukuza bibi kwa neno la bwana kumekatazwa. Barua ya familia, meseji ya simu, talaka inayotamkwa mara tatu katika nyumba za Waislamu wa Kasongo ao Uvira, uamuzi wa mchungaji: hakuna hata moja inayovunja ndoa iliyoandikishwa. Wengi wanachukua jambo hili kama mzigo. Mara nyingi ni ngao ya mama bila yeye kujua. Bibi aliyefukuzwa miaka kumi iliyopita, kama ndoa yake iko kwenye kitabu cha etasivili na hakuna hukumu iliyotoka, bado ni bibi. Nyumba iliyonunuliwa wakati wa ndoa haiwezi kuuzwa bila yeye kukubali. Na bwana anayejaribu kufunga ndoa nyingine etasivili anajiweka mwenyewe katika kosa la ndoa mbili.

Kesi inapelekwa kwenye tribinali ya amani, ambayo sheria ya 2013 juu ya mpangilio wa tribinali imeipa mambo yote ya familia. Kama mwamuzi anatumia mila katika kesi, anaketi pamoja na wazee wawili wanaoijua mila hiyo, kwa hiyo si kweli kwamba tribinali inatupa mila nje ya mlango. Mkubwa wa tribinali anapashwa kwanza kujaribu kuwapatanisha bwana na bibi. Anayeomba talaka anapashwa kuonesha kwamba muungano umeharibika kiasi kwamba maisha ya pamoja hayawezekani tena. Kumpiga mtu, kumwacha bila chakula, kwenda na kutorudi: mwamuzi anasoma matendo, na kutoka kwayo anaamua kama kuna ndoa ya kuokoa.

Kuna kitu ambacho akina mama wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wakati kesi inaendelea, bila kungoja hukumu ya mwisho, mwamuzi anaweza kuchukua mipango ya muda: nani anabaki ndani ya nyumba, watoto wanakaa wapi, na bwana anatoa nini kila mwezi. Kesi ya talaka inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Mtoto hawezi kungoja mwaka kula.

Mpaka 2016, bibi alihitaji ruhusa ya bwana kwa vitendo vingi vya kisheria, hata kwa kushitaki katika mambo ya kiraia. Mabadiliko yaliondoa ruhusa hiyo. Leo sheria inaomba bwana na bibi wakubaliane juu ya mambo yanayowafunga wote. Bwana amebaki kichwa cha nyumba katika maandishi, na kuna wanaosema kazi ilifanywa nusu. Lakini wako waume, na hata maofisa, ambao bado wanamwambia mama alete barua ya bwana ndipo apokelewe. Wanasoma kitabu cha 1987 kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Na kuna njia moja ya kupotea ambayo ni lazima itajwe. Mama anayefukuzwa anakimbilia polisi, kwa sababu polisi iko karibu na inafungua mlango kila siku. Ofisa anamwita bwana, bwana analipa faini, bwana na bibi wanarudi nyumbani, na pesa ya faini haikununua hata kilo ya unga kwa watoto. Polisi ina kazi pale ambapo kuna kosa la jinai: kupiga, kujeruhi, kutisha. Haina uwezo wa kugawa watoto, kugawa nyumba wala kupanga posho. Karatasi iliyotiwa sahihi pale mbele ya ofisa, ambayo mama anakubali kuacha watoto, si hukumu.

Vivyo hivyo kwa wakubwa wa kata, mabaraza ya wazee na tume za Haki na Amani za madiosezi ya Katoliki. Kazi yao ya upatanisho ni kubwa, na mara nyingi ndiyo peke yake iliyo karibu na raia. Karatasi yao inaweza kuwa ushuhuda mzuri siku ya kesi: inaonesha kwamba bwana alikubali kulipa, kwamba aliitwa mara tatu akakataa. Lakini haimlazimishi mtu.

Posho: kushinda kesi na kukosa chakula

Hata mama aliyeshinda, mwenye hukumu mkononi yenye muhuri, hajafika. Kode inasema wazi kwamba baba na mama, hata baada ya talaka, wanaendelea kuchangia malezi ya watoto, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Yule asiyekaa na watoto ana haki ya kuwatembelea na kuangalia wanavyotunzwa. Mwamuzi anaweza pia kumpa posho bibi ao bwana ambaye talaka inamwacha katika shida. Sheria haikuweka kiasi: hakuna asilimia ya mshahara, hakuna bei kwa kila mtoto. Mwamuzi anapima hitaji la anayeomba na uwezo wa anayeombwa.

Na uwezo huo unapimwa vipi? Kama baba ni mwalimu, mwanajeshi, mfanyakazi wa shirika ao wa kampuni, kuna mshahara unaoonekana. Kwa hali hiyo sheria ina chombo chenye nguvu ambacho hakitumiwi sana: bwana asipochangia mahitaji ya nyumba, bibi anaweza kuomba mkubwa wa tribinali ya amani amruhusu kupokea yeye mwenyewe sehemu ya mapato ya bwana, moja kwa moja kutoka kwa anayelipa. Haombi talaka kwa hilo. Ndoa inaweza kuendelea, na pesa inapita mlango mwingine. Akina mama wengi wa mashariki hawataki kuvunja ndoa. Wanataka tu pesa ifike nyumbani mbele haijafika kwenye baa.

Lakini walio wengi hawana mshahara wa namna hiyo. Baba ni motari, ni mbebaji, anachimba dhahabu Kamituga ao Misisi, anachimba koltani Rubaya, anauza mbao, anavuka mpaka na bidhaa. Leo ana dola 200, kesho ana deni la 300. Mbele ya mwamuzi anakuja na viatu vilivyopasuka. Hapo mama ndiye anayepashwa kuonesha kwamba pikipiki ile ni yake, kwamba kuna kiwanja Nyangezi, kwamba ada ya shule ya watoto wa bibi mwingine inalipwa kila muhula. Ushuhuda wa namna hiyo unakusanywa wakati mtu bado yuko nyumbani, mbele ya kufukuzwa, na ni nani anayeishi katika ndoa yake akipiga picha makaratasi ya bwana?

Halafu kuna gharama. Hukumu haitoki tribinali kwa miguu yake. Kuna pesa ya nakala yenye nguvu ya kutekelezwa, kuna huissier, yaani yule anayepeleka makaratasi ya tribinali na kukamata mali, na huyo naye anaomba usafiri. Mama anayedai posho ya kulisha watoto anaambiwa alipe kwanza ili adai. Sheria inajua jambo hili: mtu maskini anaweza kutafuta hati ya umaskini kwenye ofisi ya mambo ya jamii ili apunguziwe ao aondolewe gharama, na mabaraza ya avoka yana ofisi za mashauri ya bure. Anayejua milango hiyo anaigonga, lakini iko mjini, na mama wa Shabunda ao wa Walikale hafiki mjini kwa siku moja.

Matokeo yake ni biashara ya kimya kati ya familia. Mama anaacha kudai posho ili baba asidai watoto. Baba anaacha kudai watoto ili asilipe posho. Watoto wanabaki kwa nyanya, ambaye hakuna aliyemwuliza kama ana nguvu, wala hakuna anayemletea kitu. Mzee huyo, katika kesi hii yote, ndiye anayelea, na hana jina kwenye karatasi yoyote. Sheria ya mtoto inataka pia mtoto mwenye uwezo wa kufahamu apewe nafasi ya kusema anachofikiri katika mambo yanayomhusu. Katika mabaraza ya wazee anaambiwa atoke nje wakubwa wanazungumza.

Miji miwili bila tribinali ya Jamhuri

Mambo haya yote yalikuwa magumu mbele ya 2025. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza na Bukavu katikati ya mwezi wa pili wa mwaka huo, waamuzi wa Jamhuri waliondoka na tribinali za serikali katika miji hiyo miwili zikafungwa. Dosie zilizokuwa kwenye meza zikabaki kule, ao zikapotea. Mama aliyekuwa akingoja tarehe ya hukumu yake alijikuta hana tarehe wala mtu wa kumwuliza.

Wanaoshika miji hiyo wameweka watawala wao, na raia wanawapelekea magomvi yao, ya ndoa pia, kwa sababu ugomvi wa ndoa haungoji mazungumzo ya amani. Mtu hapaswi kushangaa ao kulaumu: mama mwenye watoto nje anagonga mlango ulio wazi. Lakini serikali ya Kinshasa haitambui utawala huo. Kwa hiyo anayeachwa leo kwa karatasi iliyotiwa sahihi na watu hao anaweza kujikuta kesho bado ameolewa mbele ya Jamhuri, ao hana haki juu ya nyumba aliyogawiwa. Na yule bwana aliyeshindwa ana kila sababu ya kungoja hali igeuke ili aanze kesi upya. Vilevile kwa ndoa zinazoandikishwa na watoto wanaozaliwa kipindi hiki.

Posho nayo imebadili njia. Banki zilipofungwa Goma na Bukavu, baba aliye Kinshasa, Kisangani ao Kalemie, hata yule mwenye nia njema, alibaki na simu tu kwa kutuma pesa, na kila anayeitoa anakata chake. Hapo limetokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Posho iliyokuwa inapewa mkononi, bila shahidi, sasa inaacha alama: tarehe, kiasi, namba. Baba anayesema alituma kila mwezi, na mama anayesema hakuona kitu tangu Pasaka, wote wawili wana simu inayoweza kusema ukweli. Avoka wanaojua kazi yao wanaomba wateja wasifute meseji hizo, na waziandike kwenye daftari, kwa sababu simu inaibiwa.

Wengine wameondoka kabisa. Familia zimegawanyika kati ya Kivu, kambi za Burundi na Uganda, na Kinshasa. Huko kwenye kambi swali la karatasi linarudi kwa sura nyingine: mama anayetaka kuhamishwa na watoto wake kwenda nchi ya tatu anaulizwa baba yuko wapi, kama alikubali, na kama kuna hukumu inayompa watoto. Mara nyingi jibu lake ni lile aliloambiwa na wazee siku ile, kwamba mahari haikumalizwa na watoto ni wake. Afisa anayemsikiliza hana pa kuliandika.

Kwa wale wanaoishi katika maeneo ambako tribinali za Jamhuri zinafanya kazi, mlango uko wazi, hata kama ni mbali. Uamuzi juu ya watoto haufungwi milele: hali ikibadilika, mwamuzi anaweza kuombwa auangalie tena. Kwa walioko Goma na Bukavu, avoka wengi wanashauri kazi ndogo isiyohitaji mwamuzi: kuhifadhi cheti cha kuzaliwa, barua ya mahari yenye majina ya wazee wa pande mbili, hati ya kununua nyumba, risiti za shule, na nakala ya kila kimoja nje ya mji, kwa ndugu mwaminifu. Dosie ya tribinali ikipotea, nakala hizo ndizo zitakazoifungua tena.

Na wale watoto wawili waliobaki kwa nyanya yao? Mkubwa ana miaka minane. Cheti chake cha kuzaliwa, kama kilitafutwa katika siku 90, kina jina la baba na jina la mama. Kama hakikutafutwa, hakuna popote palipoandikwa kwamba yule mama aliyeondoka na mfuko mmoja ndiye mama yake.